Your Europe Advice: wanasheria wa bure kwa sisi tunaovuka mipaka ya Ulaya bila cheti cha ndoa

Kama mwenzio ni raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, hamjafunga ndoa, na pasipoti yako ni ya Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi, ipo huduma moja ya kuijua kabla hujalipia tiketi. Inaitwa Your Europe Advice. Ni ya Tume ya Ulaya, inaendeshwa kwa mkataba na shirika lisilo la kiserikali liitwalo ECAS, na kazi yake ni kujibu maswali ya kisheria ya watu wanaohama, wanaosafiri au wanaoishi nje ya nchi zao ndani ya Ulaya. Unajaza fomu mtandaoni, mwanasheria anasoma swali lako na kukujibu wewe, hulipi hata senti. Nimeitumia kwa mambo tofauti kwa muda sasa, na ninayo ya kuisifia na ya kuilalamikia.

Nijieleze kwanza, maana majibu yao yanategemea wewe ni nani. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Antwerp, Ubelgiji, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwenzangu ni Mreno, fundi bomba. Mkataba wa pango una majina yetu wote wawili, bili ya umeme inakuja kwa jina langu, ya maji kwa jina lake. Ndoa bado, kwa sababu posa haijaletwa. Mama yangu hataki kusikia habari za kuoana ofisini Ulaya kabla wazee wa upande wa pili hawajafika Tanga na kukaa na baba mkubwa, na mimi naliheshimu hilo kwa moyo wote. Kuwasafirisha wazee kutoka Braga mpaka Tanga si pesa ya mchezo, kwa hiyo tunajipanga. Kwa sasa tumeandikishwa manispaa kama watu wanaoishi pamoja kisheria, jambo ambalo Ubelgiji inalitambua kwa watu wasiooana, nami nina kadi ya ukaazi ya aina ya F, ile ya mwanafamilia wa raia wa Umoja.

Watu wengi huanza kuchanganyikiwa hapo hapo, na mimi nisingeelewa bila wale wanasheria. Sheria kuu ni ya mwaka 2004, ile inayoandikwa 2004/38/EC, inayohusu raia wa Umoja wa Ulaya na familia zao kuhama na kuishi popote ndani ya Umoja. Inafanya kazi pale raia huyo anapokuwa nje ya nchi yake. Mwenzangu Mreno yuko Ubelgiji, basi inatuhusu. Angekuwa Mbelgiji aliyekaa kwao siku zote, tungekuwa chini ya sheria za Ubelgiji zenyewe, na hizo zina masharti yake, ya kipato na mengineyo. Nimekutana na Watanzania wenzangu wenye wenzi Waholanzi ndani ya Uholanzi wakitafuta haki ambazo kwa hali yao haziko kwenye sheria hii. Wangeuliza tu kwanza.

Halafu sheria yenyewe inagawa watu makundi mawili. Kundi la kwanza ni mume au mke, mwenzi aliyesajiliwa pale ambapo nchi mnayokwenda inaupa usajili huo uzito sawa na ndoa, watoto walio chini ya miaka 21 au wanaotegemea wazazi, na wazazi wanaotegemea watoto. Hawa wana haki. Kundi la pili ndilo la wenzi wenye uhusiano wa kudumu unaothibitishwa kwa ushahidi. Kwa hawa, nchi inatakiwa kuwarahisishia kuingia na kuishi. Kurahisisha ni neno la upole mno unapokuwa umesimama mbele ya dirisha la viza. Mwaka 2012, katika kesi ya Rahman, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg ilisema nchi hailazimiki kumkubali kila ndugu au mwenzi wa kundi hili, lakini ni lazima ichunguze hali yake kwa kina, na ikimkataa itoe sababu. Mwaka 2018 ikaja kesi ya Banger, ya mwanamke wa Afrika Kusini aliyeishi Uholanzi na mwenzi wake Mwingereza bila ndoa, kisha wakataka kuhamia Uingereza ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Umoja. Mahakama ikashikilia msimamo ule ule, na kusema mwombaji lazima awe na njia ya kupeleka kukataliwa kwake mbele ya mahakama.

Haya yote niliyapata kwenye jibu la kwanza kabisa, nikiwa bado Dar es Salaam. Mwenzangu ndiye aliyejaza fomu akiwa Antwerp. Swali letu lilikuwa fupi: je, viza yangu inatakiwa kuwa ya bure na ya haraka kama ya familia? Kwa mume au mke ndivyo sheria inavyotaka: viza ya bure, na utaratibu wa haraka. Jibu likaja kabla wiki haijaisha, na halikutubembeleza. Mpaka Ubelgiji initambue kama mwenzi, mimi ni mwombaji wa kawaida: nalipa ada ya kawaida (viza ya muda mfupi ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, leo ni euro 90, tangu Juni 2024), nasubiri muda wa kawaida, na ninachoweza kudai ni kwamba ushahidi wangu usomwe na nikikataliwa nielezwe kwa maandishi. Nakumbuka nilivunjika moyo. Lakini kuna mtu mwingine, wakala wa viza wa mjini, alikuwa ameshatuambia kwa uhakika wote kwamba ni bure na haina shida, tulipe tu ada yake yeye. Kati ya maneno hayo mawili, lile lililoniumiza ndilo lililoniokolea pesa.

Mwanasheria yule pia alitutajia kile ambacho Ubelgiji inakiangalia kwa watu kama sisi wanaoandikisha maisha ya pamoja. Ama muwe mmeishi pamoja mfululizo mwaka mzima, ama muwe na mtoto wa pamoja, ama muwe mmefahamiana angalau miaka miwili, mkiwasiliana mara kwa mara, na mmeonana si chini ya mara tatu kwa jumla ya siku 45 au zaidi. Sisi tuliingilia kwenye hilo la mwisho. Kwa hiyo tukakaa sakafuni na boksi la viatu. Mihuri ya uwanja wa ndege wa Dar kwenye pasipoti yake. Vipande vya tiketi. Risiti za pesa alizonitumia kwenye simu. Picha za harusi ya dada yangu ambapo amesimama nyuma ya mama amevaa kanzu ya kuazima. Meseji za WhatsApp tulichapisha za kila mwezi, kidogo kidogo, badala ya kurundika furushi la kurasa mia ambalo hakuna ofisa atakayelifungua. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, kikapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje kugongwa mhuri, kisha ubalozini. Ushauri wa kuchagua ushahidi unaoonyesha muda, badala ya kujaza ushahidi wa siku moja, ulitoka kwao, na naamini ndio uliotupitisha.

Niliuliza pia swali ambalo kila Mtanzania ataniuliza. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kama mume na mke, kunakuwa na dhana kwamba wameoana, mpaka atokee wa kuipinga kwa ushahidi. Ureno nayo ina sheria yake, namba 7 ya mwaka 2001, inayowalinda watu walioishi kama wanandoa kwa zaidi ya miaka miwili. Shoga zangu walikuwa wameshaniambia, wewe tayari mke kisheria, acha woga. Jibu la mwanasheria lilikuwa la heshima na la wazi: dhana ya mahakama ya Tanzania haitoi cheti ambacho ofisa wa Ulaya anaweza kukishika mkononi, na mwenye kupima uhusiano wetu ni nchi ninayokwenda, kwa vigezo vyake. Kuishi pamoja kunabaki kuwa ushahidi wa uhusiano wa kudumu, basi tuuwasilishe kwa sura hiyo. Nimewapelekea wanawake wengine maelezo hayo tangu siku ile, maana imani kwamba miaka miwili inatosha imeenea sana kwetu.

Kipindi cha kusubiri kadi nakipita haraka. Polisi wa mtaa alikuja kuhakikisha kweli naishi pale, akaangalia mswaki wangu bafuni, akaondoka. Uamuzi wa kadi ya mwanafamilia una kikomo cha miezi sita. Katika kusubiri nilikuwa na kile kibali cha muda cha rangi ya chungwa, na hapo niliwauliza jambo moja tu: naweza kwenda nacho Ureno kumwona mama mkwe? Wakaniambia kinakuruhusu kukaa Ubelgiji, hakikuruhusu kuvuka mipaka. Treni ya kwenda Uholanzi hupita dakika chache kutoka kwangu na mara nyingi hakuna anayekagua, na watu huvuka. Mimi sikuvuka, na wewe usivuke. Ukishikwa upande wa pili, pale ombi lako linapochunguzwa ndipo utakapoharibu.

Kadi ilipotoka, safari za ndani ya Schengen zikawa nyepesi. Schengen kwa sasa ni nchi 29, Bulgaria na Romania zikiwa zimeingia kikamilifu Januari 2025. Kwa kadi yangu na pasipoti naweza kutembelea nchi nyingine humo mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180, hata nikiwa peke yangu. Tukirudi pamoja kutoka Dar kupitia Lisbon, napanga foleni moja na mwenzangu, ile ya raia wa Ulaya, kwa sababu kanuni za mipaka za Schengen zinawapa nafasi hiyo watu wa familia wenye haki ya kuhama. Na mfumo mpya wa kusajili wageni kwa alama za vidole na picha, ulioanza Oktoba 2025, hauwahusu wenye kadi kama yangu. Hili nimelitaja kwa sababu maofisa wengine wapya wanakuelekeza kwenye mashine bila kuitazama kadi. Waonyeshe kwa utulivu.

Shida yetu kubwa ilikuwa Ireland. Wifi yangu anaishi Dublin, akajifungua, wakapanga ubatizo. Ireland iko ndani ya Umoja wa Ulaya lakini haiko Schengen, na Mtanzania anahitaji viza kuingia, isipokuwa ana kadi ya ukaazi ya mwanafamilia wa raia wa Umoja iliyotolewa na nchi nyingine chini ya kifungu cha 10 cha ile sheria ya 2004, na anasafiri pamoja na raia huyo au anamfuata huko. Mimi ninayo. Tulikuwa pamoja, na kibegi cha nguo za mtoto.

Binti wa kaunta ya shirika la ndege aliichukua kadi, akaigeuza, akaigeuza tena, kidole gumba kikiwa kimefunika yale maandishi madogo niliyotaka ayasome. Akaandika kwenye kompyuta yake. Mashirika ya ndege hutumia hifadhidata iitwayo Timatic, inayowaambia pasipoti gani inahitaji viza gani wapi. Akauliza viza ya Ireland iko wapi. Nikamwambia kadi hii inatosha. Akamwita msimamizi. Msimamizi akaitazama, akanitazama mimi, akamtazama mwenzangu, akauliza: mmeoana? Nikasema hapana. Akasema basi wewe si familia. Akairudisha kadi kwa kuisukuma juu ya kaunta kwa ncha za vidole.

Sitasahau sentensi ile. Kadi iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa ni serikali ya Ubelgiji ikisema mimi ni familia. Walikuwa wameshauliza wao, wakachunguza, wakatuma polisi nyumbani, wakaamua. Na mtu mmoja mwenye sare akayafuta yote kwa swali la neno moja. Foleni nyuma yetu ilikuwa imenyamaza kama msibani. Mwenzangu alikataa kuondoka peke yake. Ndege ikaenda.

Usiku ule ule nikafungua fomu ya Your Europe Advice na kuandika kila kitu kwa mpangilio: uraia wangu, uraia wake, nchi tunayoishi, aina ya kadi, maneno yaliyo juu yake, nani alisema nini. Jibu lililonifikia ndilo bora kuliko yote waliyowahi kunipa, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Kwanza lilinionyesha kitu kilichokuwa mfukoni mwangu siku zote. Tangu Agosti 2021, kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyokuwa namba 2019/1157 (tangu 2025 ni namba 2025/1208), kadi hizi zina muundo mmoja na lazima ziwe na maandishi haya: "Family Member EU Art 10 DIR 2004/38/EC". Ndiyo yale maandishi yaliyofunikwa na kidole gumba. Ofisa wa kaunta hana haja ya kujua Kiholanzi wala Kifaransa, wala kuuliza habari za ndoa. Mstari huo ndio jibu. Mwanasheria alieleza kwamba kwa safari, kadi hiyo haigawanyi waliooana na wasiooana: nchi iliyokutambua ikishakupa, msamaha wa viza unakwenda na kadi. Na mwaka 2014, katika kesi ya McCarthy, mahakama ya Luxembourg ilishaizuia Uingereza, enzi hizo ikiwa bado ndani ya Umoja, kumdai mke wa raia wake, Mkolombia aliyekuwa na kadi ya Hispania, kibali kingine juu ya kadi hiyo.

Pili, lilinieleza kwa nini mashirika ya ndege ni wagumu kuliko askari wa mpakani wenyewe. Kwa sheria ya Ulaya ya mwaka 2001, anayesafirisha abiria asiye na hati sahihi hutozwa faini, na nchi zinaweza kuweka faini isiyopungua euro 3,000 kwa kila mtu mmoja. Mpakani, ile sheria ya 2004 inamtaka ofisa akupe nafasi ya kuthibitisha wewe ni nani hata ukikosa karatasi. Kaunta ya ndege haina wajibu huo, ina woga wa faini tu. Kwa hiyo kwa watu kama mimi mpaka wa Ireland hauko Dublin. Uko Zaventem, uwanja wa ndege wa Brussels, mbele ya mzani wa mizigo, na anayeulinda ni mtu ambaye hajaajiriwa na serikali yoyote.

Tatu, fidia. Kanuni ya abiria wa ndege, namba 261 ya 2004, inampa fidia aliyekataliwa kupanda, euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, isipokuwa alikataliwa kwa sababu ya haki kama kukosa hati. Shirika hujitetea hapo hapo: hati hazikutosha. Lakini Aprili 2020, katika kesi ya shirika la Blue Air, iliyohusu raia wa Kazakhstan aliyekuwa akitoka Larnaca kwenda Bucharest, mahakama ilisema shirika kusema hati hazitoshi hakuzifanyi zisitoshe. Mahakama ya nchi ndiyo ya kupima. Mwanasheria akaniambia nidai. Hapo hapo akaniambia kwamba mwenzangu hana dai, kwa kuwa yeye hakukataliwa, alibaki kwa hiari yake. Tulitaka kusikia vingine, lakini ndivyo ilivyo. Niliandika barua kwa shirika nikinukuu kesi na kanuni, wakanijibu barua ya kunakili, nikaenda Kituo cha Ulaya cha Walaji cha Ubelgiji, ambacho nacho ni bure, na baada ya miezi kadhaa fedha zikaingia. Ubatizo haukurudi.

Safari iliyofuata nilichapisha lile jibu, nikaweka alama ya rangi pale panapotajwa kifungu cha 5, kile cha msamaha wa viza, na kifungu cha 10, kile cha kadi, nikachapisha na ukurasa wa serikali ya Ireland unaosema hivyo hivyo, na nikaishika kadi kwa namna ambayo ule mstari unaonekana. Kaunta tofauti, kijana tofauti. Alianza kuuliza viza, nikaweka karatasi, akasoma, akapiga simu, akakata pasi ya kupandia ndege. Dublin ofisa wa uhamiaji aliuliza tunakaa siku ngapi na mwenzangu ni raia wa wapi, basi. Nikamshika mtoto wa wifi akiwa ameshaota meno mawili.

Kama mnafika Dublin na kuna ndugu Belfast, soma hapa vizuri. Basi linavuka kwenda Ireland ya Kaskazini bila kusimama na hakuna kibanda cha uhamiaji barabarani, lakini ule ni upande wa Uingereza, nayo ilitoka Umoja wa Ulaya. Kadi yangu haina nguvu kule, Mtanzania anahitaji viza ya Uingereza. Your Europe Advice walinionya juu ya hilo bila kuulizwa, na kwa mtu mwenye kazi na kadi ya kupoteza, onyo moja kama lile linazidi thamani ya huduma nyingi za kulipia.

Sasa lawama. Ya kwanza na kubwa: wanakushauri, hawakushiki mkono. Hawampigii simu ofisa, hawaandiki barua kwa niaba yako, na chini ya kila jibu wanakumbusha kwamba hayo si maoni rasmi ya Tume. Siku ile Zaventem wasingeweza kunisaidia hata wangetaka. Ya pili, kila swali jipya linaweza kuangukia mwanasheria mwingine, nawe unaanza kusimulia tangu Tanga. Tunza namba ya jibu la zamani na uitaje. Ya tatu, baadhi ya majibu yamejaa namba za vifungu kiasi kwamba niliyasoma na kamusi, na lugha zenyewe ni zile 24 rasmi za Umoja. Mimi naandika Kiingereza. Rafiki yangu wa Lubumbashi, anayeishi karibu na Matonge pale Brussels, anaandika Kifaransa na anasema majibu yake yanasomeka kama barua ya mtu. Huenda inategemea nani kakushika.

Kama tatizo lako ni ofisi ya serikali yenyewe, kuna dada yao anayeitwa SOLVIT, naye ni bure, ana kituo katika kila nchi ya Umoja pamoja na Iceland, Liechtenstein na Norwe, na anafanya kazi tangu mwaka 2002. Huyu ndiye anayepiga simu. Huyo rafiki wa Lubumbashi, kabla hajahamia Brussels, alikaa na mwenzi wake Mfaransa katika nchi nyingine ya Ulaya ambako kadi yake ilicheleweshwa muda mrefu kupita ile miezi sita, kila akienda anaambiwa rudi wiki ijayo. Your Europe Advice walimweleza haki yake, kisha wakamwelekeza SOLVIT. Kituo cha Ufaransa kikazungumza na kituo cha nchi ile, na kadi ikatoka ndani ya zile wiki 10 ambazo SOLVIT hujiwekea. Ila SOLVIT hagusi ugomvi wako na kampuni ya ndege, na hagusi jambo lililokwishafika mahakamani.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu watu wanaoihitaji zaidi huduma hii hawajui ipo. Kwenye ofisi zote nilizopitia, dirishani, manispaa, uwanja wa ndege, hakuna bango wala kijikaratasi kinachoitaja. Mwenzangu aliambiwa na Mbrazili aliyekuwa naye darasa la Kiholanzi.

Ukitaka kuanza, itafute kwenye tovuti ya Your Europe. Andika uraia wa kila mmoja wenu, nchi mnayoishi, nchi mnayokwenda, kama mmesajili maisha ya pamoja na wapi, na nakili maneno ya kwenye kadi herufi kwa herufi. Uliza swali moja kwa fomu moja. Kama mtandao unakushinda, piga Europe Direct, 00 800 6 7 8 9 10 11, bila malipo kutoka popote ndani ya Umoja, nao watakuelekeza. Na fanya hivyo angalau wiki mbili kabla ya kununua tiketi, upate muda wa kuuliza tena pale ambapo hukuelewa.